Fuawe Halioni Haya

Chuma chekundu kikizamishwa kwenye oili chafu hutoa moshi mzito, wenye utamu kidogo, unaokaa kooni na kwenye nguo, na hata ukioga kwa sabuni ya mche mara mbili bado utalala nao. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, nje kidogo ya mji wa Handeni, katika kiwanda cha baba yangu, ambacho kwa kweli kilikuwa banda la nguzo nne lililoezekwa kwa mabati ya madebe. Baba yangu, Athumani, alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi na mjukuu wa mhunzi. Alifua majembe na miundu ya wakulima, na sime za Wamasai waliokuja na mifugo mnadani, lakini jina lake lilijengwa na visu vya kuchinjia. Watu walisema kisu cha Athumani hakisugui, kinapita tu. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, msichana wa miaka kumi, na nilikuwa situlii. Mama alipenda kuwaambia wageni kwamba Zaina alijifunza kukimbia kabla hajajifunza kukaa. Chakula nilikula nimesimama, Kurani nilisoma huku miguu ikicheza chini ya mkeka, na mtu akiniita kutoka upande huu, tayari nilikuwa nimeshafika ule.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi ya enzi za babu ilikuwa imeshakwisha, kwa hiyo kuvukuta kwangu kulikuwa kuzungusha ringi ya baiskeli iliyoendesha feni ndogo ya kupuliza makaa. Baadaye Baba aligundua kwamba nina sikio, akanipa kazi ya pili ambayo niliipenda kuliko zote: kuchambua chuma. Alinunua chuma chakavu kwa watu waliopita na mikokoteni, akakimwaga chini, nami nikakigawa katika marundo mawili. Rundo la kwanza lilikuwa la springi, yaani vile vyuma bapa vinavyobeba uzito wa lori, na kila kitu kilichokuwa na ugumu kama wake. Wasomi hukiita chuma cha pua. Rundo la pili lilikuwa la chuma laini, nondo na fremu za mageti na vipande vya matela, kwa ajili ya bawaba na ndoano. Chuma kikishapata kutu, vyote viwili hufanana, na macho hayasaidii. Basi nilikining'iniza kwenye kamba na kukigonga kwa msumari. Springi ililia mlio mrefu uliotetemeka hewani. Chuma laini kilisema pa, kikanyamaza. Baba alikuwa akinijaribu kwa kunifunga kitambaa machoni, na mbele ya wateja nilijivuna sana.

Si wote waliofurahi. Shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa Baba, aliishi nyumba ya pili na alipita kiwandani kila asubuhi akielekea kisimani. Alisema tangu dunia iumbwe mwanamke hakai penye fuawe. Baba alimjibu kwa heshima, shikamoo dada, kisha akaendelea kunigongea chuma. Fuawe lenyewe lilikuwa la babu yake Baba, donge la chuma la kufulia, lenye ukubwa wa kichwa cha ndama, lililokitwa kwenye gogo la mkwaju. Kwetu fuawe lilikuwa mkubwa wa pale. Hukulikalia, hukuliruka, hukuliwekea kikombe cha chai. Asubuhi kabla ya kazi Baba alilinyunyizia maji na kulifuta kwa kiganja, na akisafiri siku nyingi alilifunika kwa gunia. Katikati lilikuwa limebonyea kwa vizazi vitatu vya nyundo, na Baba alijua kulitumia hilo bonde kukunjia migongo ya miundu. Nilikuwa nalo kila siku hata nikadhani litakuwepo daima.

Wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja kazi ilijaa mno. Visu vilitakiwa Handeni mjini, vilitakiwa vijijini, na Mzee Sefu, mchinjaji wa mtaa wetu, alikuwa ameagiza kipya cha kumchinjia ng'ombe wa nyumba saba zilizochangia. Siku ya mnada Baba alinimwagia chuma na kuniambia nichambue kabla ya adhuhuri. Kwa mbali nilisikia kipaza sauti. Wenzangu walikuwa wameshanipitia mara mbili wakisema kuna muuza dawa aliyekuja na chatu, na chatu huyo anamvaa shingoni. Mikono yangu ilichambua lakini miguu ilikuwa imeshaondoka. Nikaacha kufunga kamba, nikawa nashika kila kipande kwa vidole na kukigonga juu juu. Kipande cha mwisho kilikuwa bapa la tela la trekta, pana na zito, lenye kutu sawasawa na springi. Kilisema pa. Nilikisikia. Nilikuwa nimeshakitupa kwenye rundo la springi na nimeshageuka, na nikajiambia nitarudi kukitoa. Sikurudi. Haraka haraka haina baraka, na mimi sikuziona hizo baraka wala huyo chatu, maana nilipofika muuza dawa alikuwa ameshafunga sanduku lake.

Desturi ya Baba ilikuwa kupima kila kisu kwa tupa baada ya kukizamisha: tupa ikiteleza, kisu kimekubali, ikiuma, kisu hakifai. Wiki ile, kwa wingi wa kazi na kwa kuamini sikio langu, alipima vichache tu na vingine akavipitisha bila kuvipima. Kile cha Mzee Sefu alikinoa kwa uangalifu wote, akakitia mpini wa mpingo. Siku ya Idi, baada ya swala, watu wazima na watoto tulikuwa uwanjani. Ng'ombe alilazwa, akaelekezwa kibla, Mzee Sefu akapiga bismillahi na kuvuta. Kisu kiliingia kidogo, kisha makali yakalala. Kikawa kinasugua. Ng'ombe akajirusha, mmoja wa waliomshika akaanguka, damu ikamrukia kanzu, na kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima ng'ombe yule alilia mbele yetu huku watu wakikimbilia kisu kingine. Kikaletwa, kazi ikaisha. Mzee Sefu akainua kile cha kwanza hadharani, akaupitisha ukucha kwenye makali yaliyojikunja, akauliza kwa sauti ya chini, "Hiki si cha Athumani?" Baba alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale, na kanzu yake nyeupe. Akasema ndicho. Wapo waliokataa fungu lao la nyama siku ile, wakisema mnyama ameteswa, na mashehe walipowaambia nyama ni halali bado hawakuitaka.

Kuanzia hapo kiwanda kilinyamaza. Jina la fundi hujengwa miaka na hubomoka asubuhi moja. Wateja waliokuwa wameagiza walituma watoto kusema wamepata kwingine. Baba alikaa mbele ya fuawe akiligonga pole pole huku na kule, akisikiliza, na hatimaye akaamua kwamba ndilo lililokufa. Mlio wake umezama, alisema, bonde limekwenda chini sana, nguvu ya nyundo haifiki kwenye chuma. Wahunzi wa kwetu waliamini kwamba fuawe lililochoka huzaa visu vichovu, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa. Shangazi Mwanaidi tu ndiye aliyekuwa na lake. Alikuja jioni, akasimama mlangoni mwa nyumba bila kuketi, akasema, "Fuawe la baba yetu halijafa. Ni huyo mtoto. Mtoe huyo mtoto kiwandani uone." Baba akamjibu kwamba mtoto hana kosa, kosa ni la fuawe, na kwamba atakwenda Korogwe kulibadilisha. Shangazi alikuwa amekosea sababu, lakini mtu alikuwa amempata barabara. Nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza.

Nilitaka kusema. Naomba niaminiwe katika hilo, maana nilitaka kila siku. Nilipokuwa nazungusha ringi nilikuwa nahesabu, nikifika ishirini nasema, nikifika ishirini naanza upya. Usiku niligeuka geuka kitandani hadi mdogo wangu akahamia kwa Mama. Nilikwenda mara tatu kwenye rundo la springi, nikachambua upya kila kipande, kana kwamba nikitengeneza rundo jana itajirudia. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na wangu alikuja mapema mno na hakutaka kuondoka. Kilichonitisha si fimbo. Kilichonitisha ni kwamba ningetolewa kiwandani, na mtoto kama mimi nje ya kiwanda sikujua angefanya nini na miguu yake. Hivyo nikanyamaza, na Baba akaling'oa fuawe kwenye gogo lake kwa mtaimbo, akaliviringisha kwenye gunia, akaniambia nijiandae kwa safari. "Nahitaji sikio lako," alisema.

Barabara ya Handeni kwenda Korogwe siku zile ilikuwa ya vumbi, na basi liliondoka alfajiri. Fuawe lilikuwa chini ya miguu yetu, na kila basi liliporuka shimo liligonga bati la sakafu. Korogwe ilinichanganya: baiskeli, wauza machungwa, mabasi ya mikoani, milima ya Usambara imesimama nyuma ya mji na mawingu yake. Tulikwenda moja kwa moja kwa mfanyabiashara wa chuma chakavu karibu na stendi. Yard yake ilikuwa na mabaki ya mashine za mkonge, magurudumu ya matrekta, na lori moja lililokuwa likipakiwa kwenda Dar es Salaam. Yule bwana alilipima fuawe letu kwa mzani kama vile ni chuma chochote, akasema Baba achague kingine cha uzito huo huo, watakuwa wamemalizana. Baba akatoa mfukoni gololi ya beringi. Hivyo ndivyo fuawe linavyochaguliwa: unaidondosha gololi kutoka usawa wa kifua, na chuma kizuri huirudisha karibu na mkono wako, na chuma cha kusubu, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa, huiacha ikafia pale pale. Tulijaribu donge moja la mashine ya mkonge, gololi ikafa. La pili likafa pia. Baba alianza kukasirika kimya kimya, na ndipo mpakiaji mmoja akamvuta pembeni akamwambia anamjua mtu huko Mnyuzi mwenye kitu kizuri zaidi.

Fuawe letu tukaliacha pale kwenye mzani, tukaenda Mnyuzi kwa pikapu iliyobeba mahindi. Mtu huyo alikuwa na shamba karibu na njia ya reli, na alitupeleka nyuma ya zizi la mbuzi, akafunua turubai. Kilikuwa kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima, kimekatwa kwa msumeno na upande mmoja bado una mng'ao. Hata mtoto alijua reli ni mali ya serikali na kwamba mtu akikutwa nayo nyumbani hakuna wa kumsikiliza. Baba alijua zaidi yangu. Lakini alidondosha gololi, na gololi ikaruka, ikamrudia kiganjani. Akaidondosha tena. Niliuona uso wake, na nilijua ameshaamua, kwa sababu mtu aliyeaibishwa mbele ya nyumba saba hulala na aibu na kuamka nayo, na yeye alitaka iishe.

"Chuma hiki hukipati pengine, mgosi," mwenye shamba alisema. "Kifunge kwenye gunia la mahindi, nani atajua?"

Baba akakigonga kwa nyundo ndogo. Mlio wake ulikwenda mbali, hadi mbuzi wakainua vichwa.

"Unasemaje, Zaina?"

"Baba, fuawe halikuwa na kosa," nilisema. "Mimi nilichanganya vyuma."

Hakugeuka. "Ulichanganya nini?"

"Bapa la tela. Nililitupa kwenye rundo la springi wiki ile ya Idi. Nililisikia likisema pa, sikulitoa."

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Mnadani. Kulikuwa na mtu mwenye chatu."

"Ulimwona?"

"Nilikuta ameshafunga."

Baba akaitia gololi mfukoni. Kisha akalirudisha turubai juu ya reli kwa mikono yake mwenyewe, akalinyoosha pembe. Akamwambia yule mtu amsamehe kwa kumpotezea muda, hatuhitaji tena. Yule mtu akasema atapunguza bei. Baba alikuwa ameshaanza kutembea, tena kwa kasi, na mimi nikimfuata mbio. Sikuwahi kumwona Baba akikimbia mpaka siku ile, barabara ya Mnyuzi, akisimamisha kila gari lililopita kuelekea Korogwe. Nilijua anachokimbilia, na nilikuwa nasoma dua zote nilizofundishwa na hata zile nilizokariri nusu.

Yard ilikuwa imefagiliwa. Pale lilipokuwa lori palikuwa na oili iliyovuja na kutu. "Limeshatoka, mzee," yule bwana alisema, akamwonea huruma bila kujua kwa nini. "Saa hizi limepita Segera." Baba akaketi juu ya tairi. Fuawe la babu yake lilikuwa njiani kwenda kuyeyushwa liwe nondo, na lilikuwa zima kabisa. Nililia kwa sauti. Nilimwambia tukifika nyumbani nitamwendea Shangazi Mwanaidi na kumwambia kila kitu, na nitawaambia na wale wa nyumba saba.

"Hutamwambia," Baba alisema.

"Lakini ni mimi."

"Shangazi yako akijua, hutashika chuma tena maisha yako. Hawatasema Zaina alikuwa na haraka. Watasema mwanamke ameharibu fuawe." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Kupima kisu ilikuwa kazi yangu, sikukipima. Hilo la kwangu. La kwako umeshalisema, tena umelisema kabla sijabeba reli ya serikali. Yaliyobaki liachie fuawe. Fuawe halioni haya."

Kisha akasimama, akaanza upya kuzunguka yard, na gololi mkononi. Jua lilikuwa linaelekea magharibi na basi la mwisho lilikuwa karibu kuondoka, lakini hakuruka hata donge moja. Mwishowe tulichukua kipande kinene cha ekseli ya lori. Gololi haikuruka kama ilivyoruka kwenye reli, ila iliruka vya kutosha, na mlio wake nikauhakiki mara tatu huku machozi yakinichuruzika. Tulikikita wima kwenye gogo la mkwaju. Mwaka uliofuata Baba alikwenda kwa Mzee Sefu na kisu kipya na tupa, akampa vyote viwili akamwambia apime mwenyewe. Tupa iliteleza. Wateja walirudi mmoja mmoja, si wote. Mpaka Baba anafariki, watu wa kwetu walisimulia jinsi fuawe la ukoo wa Athumani lilivyokufa kwa uzee, na hata Shangazi Mwanaidi, aliyekuwa amelikataa hilo, hatimaye aliingia kaburini akiamini hivyo.

Leo nina kiwanda changu Korogwe. Feni ni ya umeme, grainda inakata kwa dakika kile ambacho Baba alikikata kwa asubuhi nzima, na ukiligusisha jiwe lake kwenye chuma, cheche zenyewe zinakwambia ni springi au si springi. Visu vya mpini wa plastiki vya kutoka China vimejaa sokoni kwa bei ya maandazi, lakini wachinjaji bado wanakuja kwangu. Kila kitu kimekuwa chepesi na cha haraka, na haraka hiyo imenikuta mimi nikiwa mwenyeji wake tangu utotoni. Mwaka huu kisu cha mwenye bucha mmoja kilirudishwa kimejikunja makali. Fundi wangu, Rajabu, mtu mzima mwenye watoto watatu, niliyefanya naye kazi miaka sita, alisema umeme ulikuwa mdogo siku ile, moto haukufika. Baadaye akasema labda fuawe limelegea kwenye gogo. Nilishika kile kisu, nikakigonga, kikasema pa. Nikajua amechanganya, na nikajua anajua. Palikuwa na wateja wanne. Nilimwambia mbele yao maneno ambayo siyarudii hapa. Alinawa mikono kwa mchanga na sabuni, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Baba alipoteza fuawe la babu yake kwa ajili yangu, akalibebesha kosa langu, akakaa nalo kimya hadi mwisho. Mimi sikuweza kungoja wateja wanne watoke nje. Hilo lilinitafuna mwezi mzima kabla sijapanda bodaboda kwenda Kerenge, kwao Rajabu. Nilimkuta shambani, mahindi yakimfikia magotini. Nilimwomba radhi, nikamwambia nafasi yake ipo, na kwa kuwa aliendelea kuniangalia tu, nikamsimulia habari yote ya bapa la tela, ya reli ya Mnyuzi na ya lori lililopita Segera, jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe lake.

"Ni kisa kizuri, dada Zaina," alisema. "Ungeniambia siku ile."

Akainama, akaendelea kupalilia.